Bei zote ziligeuka 2,500

Depo ya dawa ninayotunza mashine zake iko Kadutu, hapa Bukavu. Saa nne asubuhi mama anayepokea pesa aliniita: “Papa, njoo uone. Sindano 2,500, amoksilini 2,500, hata serumu 2,500!”

Nilijua hapo hapo. Muda mfupi kabla nilikuwa nimerekebisha bei ya dawa moja kwa mkono, nikaandika UPDATE, amri ya kubadilisha data, bila WHERE, sehemu inayosema ni dawa ipi ibadilishwe. PostgreSQL, programu inayotunza hifadhidata yetu, haikuuliza swali, ilitii tu. Nikawaomba wauzaji waandike kwenye daftari kwanza.

Nakala ya jana nilikuwa nayo. Naichukua kwa pg_dump, chombo cha PostgreSQL cha kunakili hifadhidata, saa sita mchana, watu wakiwa kazini. Zamani nilingoja usiku, lakini umeme wa usiku una tabia zake, na zaidi ya mara moja nilikuta faili nusu. Mchana hakuna shida: pg_dump inachukua data jinsi ilivyokuwa inapoanza kazi, wauzaji wanaendelea, na mauzo yanayofuata hayaingii katika nakala hiyo. Itagongana na mtu anayebadilisha muundo wa jedwali, na hilo nani alifanye saa sita mchana?

Kwa haraka yangu nikataka kufuta kila kitu nirudishe ya jana. DROP DATABASE, amri ya kufuta hifadhidata nzima, ikakataa, kuna watu sita ndani. Nikawatoa kwa pg_terminate_backend. Kijana mmoja akapiga kelele kule mbele, “Yaya, mashine imenitupa nje!” Kabla sijamaliza kuandika amri ya pili, wote sita walikuwa wamerudi, maana programu ya mauzo hujiunganisha yenyewe. Tangu toleo la 13 kuna WITH (FORCE), nyongeza ya DROP DATABASE inayowatoa na kufuta kwa mkupuo. Nilikwisha kuiandika, nikasikia mama anahesabu noti za asubuhi. Mauzo hayo hayamo katika nakala ya jana! Nikaifuta amri, herufi moja moja.

Nikaunda hifadhidata nyingine pembeni, nikairudishia nakala humo kwa pg_restore. Wale sita hata hawakujua. Swali moja la PostgreSQL halisomi moja kwa moja hifadhidata mbili, kwa hiyo nilitoa safu mbili tu kwa \copy, namba ya dawa na bei, nikaziingiza kwenye jedwali la muda katika hifadhidata ya kazi. BEGIN, ili mabadiliko yasihifadhiwe mpaka niyathibitishe. UPDATE, safari hii na WHERE inayolinganisha namba. Jibu: dawa 846 zimebadilishwa. Dawa zote ni 849. Zile tatu zilisajiliwa asubuhi hiyo, na mama alikuwa na bei zake kwenye karatasi ya mzigo. Nikaziandika, nikaangalia sindano, nikaangalia serumu, nikathibitisha: COMMIT.

Risiti tisa zilikuwa zimeshatoka kwa 2,500. Aliyenunua sindano alirudi na kelele zake, akarudishiwa pesa. Aliyenunua serumu hatujamwona tena.