Msiba Usio na Turubai

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Samahani wiki hii nimechelewa, nilitakiwa nitume tangu Jumatano na somo lilikuwa lingine kabisa, la utoaji, nimeliweka pembeni. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumapili na nisipolitema sidhani kama nitaweza kuandika kitu kingine.

Kuna vijana wetu wa jumuiya, siwataji, wengi mnawajua, wamempoteza mtoto. Mimba ilikuwa miezi minane imeshapita, Alhamisi jioni dada akaona mtoto hachezi, Ijumaa wakaenda hospitali, wakapima, mapigo hamna. Akajifungua Jumamosi alfajiri. Jumapili baada ya ibada mimi na wazee wenzangu wawili tukapita kuwapa pole. Hakuna turubai. Hakuna viti vya kukodi, hakuna akina mama wanaomenya ndizi uani, hakuna daftari la rambirambi mezani. Nyumba kimya mpaka unasikia redio ya jirani. Dada yuko chumbani, kijana ndiye anatukaribisha sebuleni anatuletea soda, yaani mfiwa anahudumia wageni. Tukakaa kama dakika ishirini, tukaomba, na wakati wa kutoka nikamshika bega nikamwambia lile neno letu sote, "Jikaze mdogo wangu, nyie bado vijana, Mungu atawapa mwingine."

Hakujibu kitu. Akatusindikiza mpaka getini, wenzangu wakatangulia kwenye gari, ndipo akaniambia kwa upole tu, wala hakukasirika, "Mzee, hamjauliza hata alikuwa wa kike au wa kiume."

Wapendwa, mimi sijalala vizuri tangu siku hiyo. Na sababu si aibu peke yake, sababu ni kwamba kijana yule nilitakiwa nimwelewe kuliko mtu yeyote mle ndani.

Mwaka 2009 mke wangu alikwenda kujifungulia kwa mama yake Moshi, ilikuwa mimba ya kwanza, mimi nikabaki Dar kazini. Simu ikaja usiku, shemeji akaniambia "njoo, lakini usije kwa haraka". Ukiambiwa usije kwa haraka unajua. Nikapanda basi la asubuhi, nafika jioni kila kitu kimeshaisha. Mama mkwe na akina mama wawili wa jirani walishamzika, wazee wa pale wakasema mtoto wa namna hiyo hawekewi matanga na baba hashiki jembe. Nikaoneshwa kwa kidole tu, kule kwenye migomba. Nikasema sawa. Nikanywa chai. Mpaka leo ninavyoandika sijui ni chini ya mgomba upi.

Siku ya tatu maziwa yakaja. Hakuna aliyeniambia kwamba maziwa huja hata kama mtoto hayupo. Mama mkwe akawa anamfunga mke wangu kifua kwa khanga, anaikaza kwa nguvu, na mke wangu anauma ncha ya mto ili asilie kwa sauti kwa sababu alishaambiwa kulia kutachelewesha mimba nyingine. Mimi nilikuwa mlangoni nimesimama. Kesho yake nikapanda basi nikarudi kazini! Wala sikuomba zile siku nne ambazo sheria ya kazi ya 2004 inampa mfanyakazi aliyefiwa na mtoto, maana nilijiuliza kwenye fomu nitajaza jina gani. Ofisini wakaniuliza mama hajambo, nikasema hajambo, tukaendelea.

Miaka miwili baadaye tukiwa kliniki na mimba ya huyu binti yetu mkubwa, nesi akauliza mimba ya ngapi. Mimi nikawahi kujibu, "ya kwanza". Mke wangu akasema, "ya pili." Nesi akatuangalia mmoja mmoja, akaandika mbili. Tukatoka pale hatukuongea mpaka nyumbani.

Sasa wiki hii nimekuwa nikijiuliza sisi tulijifunza wapi kwamba kuna misiba ya turubai na misiba ya kimyakimya. Maana kwa mtu mzima tunajua sana kulia. Babu akifa tunajaza coaster tatu tunasafiri naye usiku kucha, grupu la wasapu la michango linafunguliwa kabla hata mwili haujafika mochwari. Na Biblia imejaa siku za maombolezo, Wamisri walimlilia Yakobo siku 70, Waisraeli walimlilia Musa siku 30 pale nyanda za Moabu. Lakini huyu mdogo hana hata siku moja.

Na wala si sisi tu, nisiwaonee wazee wetu. Wayahudi ambao wana utaratibu mzuri wa siku saba za kukaa chini nyumbani, wanaletewa chakula, hawafanyi kazi, hata kwao kwa sheria ya zamani mtoto asiyefikisha siku 30 hakuwekewa ule utaratibu, japo siku hizi marabi wengi wanaliangalia upya. Mimi sidhani kama watu wa zamani walikuwa wakatili. Nyumba moja ilizika watoto watatu wanne, ungeweka matanga mangapi? Nafikiri walikuwa wanamficha mama jeraha ili aendelee kuishi. Ila jeraha ukilifunika khanga halijapona, limefunikwa tu.

Kuna kijana wetu wa kanisani alikwenda kusoma Tokyo, alinitumia picha akiwa kwenye hekalu moja kubwa linaitwa Zojoji, vijisanamu vidogo vya mawe vimepangwa safu kwa safu, vimevalishwa kofia nyekundu na vitambaa vya kifuani kama vya mtoto anayetokwa udenda, na pembeni vidude vya upepo vinazunguka. Kwa haraka nikamjibu "kijana toka hapo hizo ni sanamu". Akaniambia mzee, hawa ni watoto ambao hawakuzaliwa hai, Wajapani wanawaita "mtoto wa maji", wazazi wanakuja kuwafumia kofia. Sasa msije mkasema mzee anawafundisha sanamu, sifundishi, mimi msimamo wangu mnaujua. Lakini ile picha niliifungua tena juzi usiku nikaiangalia muda mrefu. Maana mwanamke aliyefuma kofia ile alipata mahali pa kuipeleka. Mke wangu ana sweta moja ya njano aliyoifuma mwenyewe 2009, ipo kwenye begi juu ya kabati, haina pa kwenda.

Shemeji yangu mwingine ni nesi Uingereza, anasema hospitali nyingi kule zina kitanda kidogo chenye ubaridi, wazazi wanakaa na mtoto wao siku nzima au zaidi, wanamvalisha, wanachukua alama ya nyayo kwenye karatasi, na tangu 2020 sheria yao inawapa wazazi wiki mbili za maombolezo hata kama mtoto alizaliwa mfu, mimba ikiwa imefika wiki 24. Na huku kwetu jirani yangu Mwislamu, mama mtu mzima, nilipomsimulia habari hii alishangaa kabisa, akaniambia kwao mimba ikishavuka miezi minne mtoto huyo huoshwa, huvishwa sanda na huzikwa kama mtu, "ni mtu huyo baba, au wewe ulidhani ni nini?" Nikakosa jibu. Mzee wa kanisa mzima.

Na msidhani ni watu wachache. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2021 peke yake watoto kama milioni 1.9 walizaliwa wafu duniani, hao ni wa kuanzia wiki 28 za mimba, mimba zinazotoka mapema hazimo. Piga hesabu ni zaidi ya elfu tano kwa siku. Sasa angalia mabenchi ya kanisa letu Jumapili, upande wa akina mama, halafu niambie ni wangapi waliokaa pale wana mtoto ambaye hajawahi kutajwa.

Tufungue kitabu cha Ayubu, yule aliyepoteza mifugo yake na watoto wake wote kumi. Najua tumeisoma mara nyingi, mimi mwenyewe nimeihubiri, ila wiki hii nimeisoma nikiwa nimekaa na mke wangu na ameniharibia mahubiri yangu yote ya nyuma. Tunapenda sana ule mstari, "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa." Tunaupeleka kwenye kila msiba. Mke wangu akaniuliza, nani aliyeusema? Nikasema Ayubu. Akasema, "Ehee. Aliyefiwa ndiye aliusema. Hakuna mgeni aliyekuja kumwambia." Nikarudi kusoma, kweli kabisa ndugu zangu! Wale rafiki watatu walipokuja, Biblia inasema waliketi chini pamoja naye siku saba mchana na usiku, wala hapana mmoja aliyenena naye neno lo lote, kwa maana waliona ya kuwa mashaka yake ni makuu mno. Hiyo ndiyo kazi nzuri waliyoifanya. Walipofungua midomo ndipo wakaharibu, sura kwa sura, mpaka Mungu mwenyewe akawakasirikia. Mimi siku saba sikuziweza, nilikaa dakika ishirini na nikaharibu palepale.

Halafu akaniambia kitu kingine, kwamba mke wa Ayubu tunamsema vibaya kila siku mimbarini, mwanamke mpumbavu, mkufuru Mungu ufe, lakini hakuna mhubiri aliyewahi kusimama akakumbuka kwamba wale watoto kumi walitoka tumboni mwake. Ayubu ana sura nyingi za kulia. Mke wake ana mstari mmoja, na tunamgombeza kwa huo huo mmoja.

Sasa njooni mwisho wa kitabu, sura ya 42, hapa ndipo nilipovunjika. Tunasema Mungu alimrudishia Ayubu mara mbili, si ndiyo? Hesabu mwenyewe. Kondoo walikuwa 7,000 wakawa 14,000. Ngamia 3,000 wakawa 6,000. Jozi za ng'ombe 500 zikawa 1,000, punda vilevile. Mara mbili kila kitu. Watoto je? Mwanzoni wana saba na binti watatu. Mwishoni wana saba na binti watatu. Mbona hawakuwa kumi na wanne na sita? Niliwahi kusikia wachungaji wakilifafanua hili nikalipita kama hesabu ya darasani, ila safari hii limeniingia. Ng'ombe akifa amekufa, ukipewa mwingine pengo limezibwa. Mtoto hazibiwi pengo na mtoto mwingine, wale kumi wa kwanza bado wako kwenye hesabu mbele za Mungu, kwa hiyo kumi wengine ndiyo mara mbili yenyewe, ishirini! Mungu hakumwambia Ayubu nimekupa wengine wasahau wale. Aliyewahesabu ni Mungu na hakumfuta hata mmoja.

Sasa mimi nilipomshika yule kijana bega nikamwambia atapewa mwingine, nilimfanya mwanawe kondoo. Nisameheni lakini ndivyo ilivyo, nilihesabu mtoto wa mtu kwenye upande wa mifugo. Zaburi ya 139 inasema "macho yako yaliniona kabla sijakamilika", tunaiimba, tunaiweka stetasi, lakini mama akitoka hospitali mikono mitupu tunamwambia ashukuru hata hakumzoea. Hakumzoea? Amekaa naye miezi minane mwili mmoja, anajua anaamka saa ngapi, anajua akila kitu gani anacheza. Wewe baba hujamzoea, mimi sikumzoea, yeye amemzoea!

Na mjomba, na shangazi, na nyie mama wakubwa wa maombi, nawaheshimu, ila hii ya kumwambia mtu "labda kuna dhambi, labda kuna mkono wa mtu, tufanye maombi ya kukata mizizi", wiki hiyohiyo amejifungua, damu bado inamtoka, mwacheni. Elifazi, mmoja wa wale rafiki watatu wa Ayubu, alianza hivyohivyo. Raheli hakukubali kufarijiwa kwa sababu watoto wake hawako, na nabii Yeremia hakumkemea, alianza kwa kuandika kwamba sauti imesikiwa Rama. Sauti ikisikiwa inatosha kwa kuanzia. Wanaume nasi, huyu kijana amehudumia wageni soda siku moja baada ya kufiwa kwa sababu kuna mtu alimfundisha hivyo, na huyo mtu ni mimi na wewe.

Nilimpigia simu Jumanne usiku. Nilimwambia nisamehe, kisha nikamuuliza. Wa kiume. Kilo mbili na nusu. Nywele nyingi, anasema, za mama yake. Jina walishampa ila sitaliandika humu, wakitaka watalisema wenyewe. Alikaa kwenye simu dakika arobaini, na hakunihitaji niseme chochote zaidi ya "enhee".

Kwa hiyo Jumamosi hii jumuiya haitakuwa kwangu kama ilivyopangwa, tumebadilisha, itakuwa kwao, saa kumi jioni, wamekubali. Hakuna mahubiri. Mwenye turubai ameshasema ataleta bure. Akina mama mtagawana kupika, kuku tunao, mchele bado kilo kumi, daftari la rambirambi nitanunua mimi. Njooni na mikeka, tunakaa chini, na anayetaka kuomba aombe kwa ufupi. Wenye watoto wachanga msijifiche nyumbani ila muwe na busara, kaeni nje kwanza mpaka dada mwenyewe aseme.

Mke wangu amesema anakuja. Jana nilimkuta amepanda kwenye stuli anashusha lile begi la juu ya kabati, sweta akaifua, sasa hivi iko kwenye kamba inakauka.