Tiketi imebaki mkononi, mechi iko Uwanja wa Sokoine, Mbeya

Mwenzako amekwama Tunduma, mpira unaanza saa 10 jioni, na tiketi yake unayo wewe. Kwanza tazama nani anacheza. Simba au Yanga wakija Mbeya, mashabiki wanatoka mpaka Kyela, Tukuyu na Mbozi, na tiketi ya mzunguko, yaani ya majukwaa ya kawaida, haikai mkononi. Tanzania Prisons, timu ya hapa Mbeya, wakicheza na timu isiyo na mashabiki wengi, dirisha bado linauza, kwa hiyo anayekufuata wewe anataka nafuu. Mpunguzie mapema: ya 5,000 mwachie kwa 4,000. Mpira ukishaanza, hata 2,000 utaisikia kwa shida.

Mechi kubwa nayo isikutie tamaa. Uza bei ya dirishani. Kumpandishia shabiki mwenzako aliyesafiri toka asubuhi ni ulanguzi, na walinzi hawatakutofautisha na walanguzi wengine.

Usisimame getini. Nenda foleni ya dirishani inapoishia, saa moja hivi kabla ya mechi, maana huko ndiko waliko wasio na tiketi. Taja jukwaa na bei kwa pamoja. Ukitaja tiketi tu, kila mtu atakuhoji upya.

Pesa taslimu ndiyo salama, na beba noti ndogo za chenji. Akilipa kwa simu, usiridhike na ujumbe anaokuonyesha, wala ulioingia kwako kutoka namba ya mtu binafsi. Angalia salio lako mwenyewe. Shida ni kwamba umati ukijaa mtandao huwa mzito, salio linakawia kufunguka na mnunuzi anaanza kukuharakisha. Hapo shikilia tiketi.

Kama mechi imeuzwa kwa N-Card, ile kadi ya kielektroniki unayoijazia pesa, tiketi imo ndani ya kadi. Kumpa mtu kadi ni kumpa na salio lililobaki humo, kwa hiyo litumie kwanza au mlijumlishe kwenye bei. Tiketi yenye msimbo usiipige picha ukaitupia kwenye grupu la WhatsApp: atakayetangulia kuskani ataingia, uliyemuuzia atarudishwa.

Ya karatasi iweke kwenye mfuko wa nailoni, hasa kati ya Novemba na Aprili. Ikilowa, muhuri unafutika na mkaguzi anaikataa. Mwonyeshe mnunuzi tarehe, namba na muhuri kabla hajatoa hela, kisha msindikize mpaka apite getini.