Ndugu yako anarudi na gari lake? Anza na chesisi namba

Naandika hili maana kila nikipita Ngamiani, hapa Tanga, nakutana na mtu ana kaka yuko Muscat au dada yuko London anataka kurudi nyumbani jumla na gari lake, na swali linakuwa lile lile, eti kodi shilingi ngapi. Kodi ni swali zuri ila sio la kwanza. La kwanza ni je, chesisi namba iliyogongwa kwenye chuma cha gari inafanana na ile iliyoandikwa kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi, bila kuruka hata moja? Kwa sababu gari likishapanda meli hamna tena anaeangalia gari, wote wanaangalia karatasi, na karatasi moja ikipishana na mwenzie gari lako litakaa bandarini linapigwa jua na wewe unalipia hilo jua. (Wa Muscat wana la kwao la ziada, usukani wa kule uko kushoto, hiyo mada ya peke yake siiingii leo.)

Nimeyaona haya kwa mjomba. Kaishi Leicester miaka mingi, kaamua kurudi Chumbageni, na Honda CR-V yake hataki kuiuza kwa bei ya kutupa wakati anaijua kuanzia bolti mpaka kiti. Yeye alikuwa bado anamalizia mambo ya kazi kule, huku nikabaki mimi kuzungusha makaratasi, akaniambia mwanangu simamia, we ndo nakutegemea.

Sasa tuseme kodi kwanza tuimalize. Gari lililotumika likiingia Tanzania TRA, yaani mamlaka ya mapato, hawaendi na risiti yako, wana thamani zao kwenye mfumo, na kikokotoo kiko wazi kwenye tovuti yao, unachagua aina, modeli, mwaka wa kutengenezwa, nchi, mafuta, cc, kinakupa jibu. Kila mtu akifungue mwenyewe kabla hajamuuliza wakala wa forodha. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, asilimia 5 kwa cc 1000 mpaka 2000, asilimia 10 ikizidi hapo. Halafu ule wa uchakavu, huo ndo unaoumiza, gari la miaka 8 mpaka 10 asilimia 15, likizidi miaka 10 asilimia 30. Mwisho VAT asilimia 18 juu ya jumla yote hiyo. Chukua gari la cc 1998 lenye zaidi ya miaka 10, forodha wakalithaminisha milioni 10 pamoja na usafiri na bima: ushuru milioni 2 na nusu, wa injini 625,000, uchakavu 3,750,000, VAT 3,037,500. Jumla 9,912,500, na bado tozo ya reli na ada ya forodha hazijaingia. Yaani unalinunua gari lako mara ya pili. Viwango huwa vinaguswa kwenye bajeti ya mwezi wa sita kwa hiyo kama ndugu yako anarudi mwezi wa saba muombe asubiri kusikia bajeti.

Ila anaerudi kuishi jumla ana mlango mwingine, na hapa ndo watu wengi wa kwetu hawajui. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, Jedwali la Tano, inampa msamaha mtu anaehamisha makazi kwa gari moja, mradi awe na miaka 18 kwenda juu na gari awe amelimiliki mwenyewe na kulitumia mwenyewe si chini ya miezi 12, na muda wa gari kuwa melini hauhesabiwi. Lisiwe basi la abiria zaidi ya 13 wala gari la mzigo la zaidi ya tani 2. Na maneno ya sheria yanasema alilitumia nje ya nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo jirani yangu anaetaka kuleta lake kutoka Mombasa asijenge matumaini yake hapo.

Kumiliki na kulitumia. Maneno mepesi lakini yathibitishe sasa! Sisi huku kadi ya gari ndo kila kitu, jina lako likiwemo gari lako. Uingereza wana ile V5C, watu wanaiita logibuku, inatolewa na DVLA, mamlaka yao ya kusajili magari kule Swansea, na yenyewe imeandikwa waziwazi kwamba sio uthibitisho wa umiliki, inamuonesha anaewajibika kulisajili gari na kulilipia kodi. Afisa wa forodha aliposoma mstari huo akaniuliza kwa upole kabisa, sasa dada umiliki uko wapi? Na alikuwa na haki ya kuuliza. Kilichotuokoa ni kwamba mjomba ni mtu wa mafaili, ana risiti ya kununulia tangu siku ya kwanza, ana bima za nyuma, na ana vyeti vya MOT, ule ukaguzi ambao kule gari likishafika miaka 3 linafanyiwa kila mwaka. Vile vyeti vya MOT ni dhahabu jamani, vina tarehe, vina kilomita au maili zilizosomeka, vina chesisi namba. Ukiviweka viwili vya miaka inayofuatana mezani, hoja ya miezi 12 imejijibu. Mwambie ndugu yako asitupe hata kimoja.

Na kabla ya kusafirisha kuna kipande cha logibuku cha kuwaambia DVLA kwamba gari linatoka nchini moja kwa moja, anajaza kile kipande anawatumia, karatasi inayobaki anasafiri nayo yeye. Asije akaituma yote maana huku ataulizwa. Kodi ya barabara ya miezi mizima iliyobaki wanamrudishia.

Basi nikadhani tumemaliza. Gari likaondoka Southampton kwa meli ya roro, ile ambayo magari yanaendeshwa mpaka ndani, likafika Dar, wakala akaingiza taarifa kwenye mfumo wa forodha, ukakataa. Chesisi namba ya kwenye B/L, ile hati ya shehena inayotolewa na wenye meli, haifanani na ya logibuku. Tukaziweka sambamba tukasoma kwa kidole. SHS, sawa, inaendelea sawa, mpaka karibu na mwisho, kwenye logibuku kuna sufuri, kwenye B/L kuna herufi O. Mtu ofisini kwa wasafirishaji kaandika O. Hilo tu.

Na hapa nataka mnielewe vizuri kwa sababu ni jambo ambalo mtu yeyote angeweza kuliona kule kule kabla meli haijang'oa nanga. Chesisi namba za kisasa za tarakimu 17 hazina kabisa herufi I, O wala Q. Zimeondolewa makusudi ili zisichanganywe na 1 na 0. Kwa hiyo ukiona O ndani ya namba ya tarakimu 17 huhitaji hata kwenda kwenye gari, hiyo namba haipo duniani. (Magari yaliyouzwa Japani kwenyewe yana mtindo wao mfupi wenye kistari katikati, hayo yahesabu tofauti.) Nikamweleza afisa, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema nakuelewa dada, ila mfumo unasoma hivi ni vitu viwili. Na gari lenyewe lipo pale, lina namba yake kwenye bati, unaweza kwenda kuipapasa kwa mkono.

Marekebisho sio ya forodha kuyafanya kwa kalamu. Inabidi wakala wa meli hapa awasiliane na ofisi iliyotoa hati kule, wakiri kosa, itoke barua, manifesti, yaani orodha ya mizigo ya meli, irekebishwe, kuna ada ya marekebisho, ndo wakala wako aanze upya. Muda wote huo siku za bure za bandari zinaisha na storeji, ada ya gari kukaa bandarini, inaanza kuhesabu, kila siku, jumamosi na jumapili imo. Kosa la mtu mwingine na bili ya mjomba. Hiyo storeji iliniuma kuliko kodi zote, kodi angalau inajenga barabara.

Wakati tunasubiri tukakuta jingine, bahati nzuri tuliliwahi. Kwenye fomu ya wakala nchi ya kutengenezwa imejazwa Japani kwa sababu ni Honda, na mtu ukimuona hivyo huwezi kumlaumu, nani huku anafikiria Honda ya Uingereza. Lakini CR-V hii imetoka kiwanda cha Swindon, na chesisi namba inasema yenyewe, ikianza na SH kama hii ni Uingereza, ikianza na J ni Japani. Tungeacha hivyo tungerudi tena dirishani.

Mimi naamini kabisa kosa la herufi moja, wakati gari lipo uani na nyaraka nyingine zote zinakubaliana, lingepaswa kumalizwa siku hiyo hiyo. Afisa atembee mpaka kwenye gari, asome bati, asaini, na storeji isimame tangu siku kosa liliporipotiwa. Ulinzi dhidi ya magari ya wizi nauelewa na nauunga mkono, ndo maana chesisi namba ipo. Ila ulinzi huo unafanyika kwa kuangalia chuma, sio kwa kumtoza storeji mzee wa watu.

Baada ya manifesti kunyooka mengine yalikwenda haraka. Namba ya malipo inakuja kwenye simu, unalipa benki au kwa simu, gari linaachiwa, kadi na pleti zinatoka TRA hao hao, huku kwetu usajili uko kwao sio polisi. Pleti ya njano, gari binafsi. Road licence usiulize, ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Bima lazima iwepo kabla hujagusa barabara ya Chalinze. TBS, shirika la viwango, nao wana ukaguzi wa magari yaliyotumika, na huo umewahi kufanyika kule na umewahi kufanyika hapa, kwa hiyo ulizia utaratibu wa wakati huo kabla gari halijapakiwa.

Na wale wanaoshauri barazani kwamba lipitishe Mombasa, livushe Horohoro, litembelee Tanga kwa namba za nje na kibali cha muda, mimi nakataa. Kibali cha muda ni cha mgeni, kinaisha, na mjomba sio mgeni, karudi kwao. Siku forodha wakilisimamisha pale Kange atajieleza nini?

Sasa hivi kanipigia anauliza kama anaweza kumuuzia binamu wa Muheza mwakani akinunua jingine. Nikamwambia shikamoo mjomba, hapana, sio hivi hivi. Gari la msamaha ukimpa mtu asiye na msamaha kodi yake inaamka, kwa hiyo aende TRA kwanza waikokotoe, alipe, ndo abadilishe kadi. Na akienda abebe lile faili lote, pamoja na barua ya marekebisho ya ile herufi O.