Kutoka Jamhuri hadi bonde la Mkulumuzi bila kugombana na lori

Tanga baiskeli si kioja. Kuna ya sokoni, ya msikitini, ya kubebea maji na ya kumpeleka mtoto shule. Kioja ni mtu mzima kusema anatafuta njia ya kuendesha asikutane na gari. Nilipouliza nilipewa majibu mawili, tena kwa sauti ya mtu mwenye uhakika: "Fuata reli," na "Pita pwani maji yakitoka." Yote mawili ni mabovu. Nayasema mwanzo kabisa ili mwenzangu asipoteze Jumapili zake.

Reli hii ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza 1896. Ukiitazama kutoka mbali inakutamanisha, maana imenyooka na haina kilima cha ghafla. Ukiingia ndani unakuta kokoto zimejazwa katikati ya mataruma. Gurudumu la mbele linazama, la nyuma linazunguka pale pale, na ukijaribu kupanda juu ya mataruma yenyewe unadundwa mpaka nati za madigadi zinalegea. Pembeni kuna kijia cha wapita kwa miguu, lakini kila penye kalvati kinakatika, na daraja la reli halina ukingo wa kushika. Treni za mizigo nazo zinapita, na eneo la reli si la kuchezea. Basi, hilo tulifunge.

Ushauri wa pwani angalau una hesabu nyuma yake. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji huku kwetu hukupwa sana kama saa 4 asubuhi na kujaa kama saa 10 jioni, na kila siku inayofuata saa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mchanga ulioachwa na maji sasa hivi ni mgumu, unabeba tairi vizuri. Tatizo ni hori, yale maji ya bahari yanayoingia ndani ya nchi kavu. Ukifika penye mikoko, mchanga unageuka tope, na miti ya mchu imechomoza mizizi yake ya kupumulia juu kama penseli zilizochomekwa ardhini, kila baada ya vidole vitatu vinne. Hupiti na baiskeli hapo. Unaibeba begani, viatu vinabaki chini. Halafu yale maji ya chumvi: mnyororo ulioingia horini Jumapili, Jumanne una rangi ya matofali. Kwenye gololi za ekseli huoni kitu mpaka usikie gurudumu linasaga.

Njia ninayoisifu mimi, kutoka mjini mpaka bonde la mto Mkulumuzi penye Mapango ya Amboni, ina vipande vitatu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji baiskeli ya gharama. Ninayotumia ni ile ya kawaida, tairi 28 kwa 1½, fremu ya chuma, karia nyuma.

Kipande cha kwanza ni bustani ya Jamhuri na ukingo wa bandari, kisha Ras Kazone kwenda na kurudi. Saa 12 asubuhi Jumapili utakutana na wakimbiaji na wavuvi tu. Miti ni mikubwa, kivuli kipo, Kisiwa cha Toten kiko mbele yako majini. Sina la kueleza zaidi, kila mtu anapajua. Angalia tu juu ukisimama chini ya mbuyu kupumzika. Nyuki wa huku wana historia: Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililoshukia Ras Kazone liliwakuta Wajerumani na nyuki pamoja, na mpaka leo watu wanasimulia nyuki kuliko Wajerumani.

Kutoka mjini kwenda kaskazini kuna sehemu moja huikwepi: barabara kuu ya Horohoro penye daraja. Mto lazima uvukwe, na njia nyingine hakuna. Shuka, sukuma kwa pembeni. Ukifika ng'ambo, tafuta kijia cha kwanza kinachoingia mashambani upande wa kushoto, na kuanzia hapo kelele za malori unazisikia kwa mbali tu. Kwa barabara kuu, Mapango ya Amboni yako kilomita 8 hivi kutoka mjini. Kwa vijia vyangu ni kama 13, labda 14, inategemea umepotea mara ngapi.

Kipande cha pili ndicho chenye maneno: mkonge. Barabara za ndani ya shamba la mkonge ni neema kwa mwendesha baiskeli. Zimenyooka, zimeshindiliwa na matrekta, na Jumapili hakuna anayepita. Mkonge wenyewe hupandwa mistari miwili miwili, na kati ya jozi moja na nyingine huachwa uchochoro wa karibu mita 4. Lakini shamba lina mwenyewe. Usiingie kimya kimya. Kwenye lango tafuta mlinzi au mnyapara, uamkie kwanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wapi na baiskeli?"

"Naomba kupita mpaka mtoni, mzee wangu."

"Kile kipande cha kule wamekata juzi. Zunguka na huku."

Hilo jibu lake la mwisho lina thamani kuliko ramani yoyote. Jani la mkonge lina mwiba mweusi kwenye ncha, urefu kama sentimita 2, mgumu kama msumari. Wakataji wanapovuna huondoa ile ncha kabla ya kufunga mzigo, na ncha zinabaki pale pale chini, kwa maelfu. Ukipita kwenye kipande kilichokatwa juzi umejitakia. Ukikosa wa kumuuliza, soma mmea wenyewe. Kama majani ya chini yameondolewa na shina limebaki kama nanasi lililomenywa, litazame kovu: likiwa jeupe lenye unyevu, wamekata siku hizi hizi. Likiwa kavu na la kahawia, ncha nyingi zimeshafunikwa na udongo au kuoza, ingawa si zote. Kipande ambacho majani ya chini yanagusa ardhi hakijakatwa. Hapo miiba bado iko juu ya mti, na utakaoumia ni mkono wako, si tairi.

Sasa nije kwenye ujanja wangu wa kwanza, ambao nilijiona mhandisi. Nilichukua dumu la mafuta ya kula la lita 20, nikalikata vipande virefu vya upana wa vidole vitatu, nikavilaza ndani ya tairi kati ya mpira wa nje na tyubu. Plastiki ngumu, mwiba utapita wapi? Niliunganisha ncha kwa gundi ya karatasi, nikajaza upepo, nikaenda kifua mbele. Kilomita ya tano upepo ukaisha nyuma. Nikaziba. Kilomita ya sita ukaisha tena. Nikarudi nasukuma jua la saa 6, na fundi alipofungua tairi alihesabu matundu saba, yote upande wa ndani, na hakuna mwiba hata mmoja. Akaniambia, "Kaka, hii umeiua mwenyewe." Maelezo yake ni haya: plastiki haivutiki kama mpira. Tairi linapobonyea chini kwa uzito, ukingo wa plastiki unasugua tyubu kila mzunguko kama msumeno butu, na pale ncha mbili zilipokutana palikuwa na ngazi kali inayouma sehemu moja ile ile. Gundi ya karatasi ilikwishayeyuka kwa joto. Saba kwa mkupuo mmoja. Sijasikia mtu wa kunipita.

Kinachofanya kazi ni tyubu kuukuu, na mafundi wengi watakupa bure au kwa mia tano mia saba. Kata valvu na sehemu yake uitupe. Pasua tyubu kwa urefu, upande ule uliokuwa unatazama rimu, uikunjue iwe utepe. Ioshe, ianike. Punguza upana ubaki sentimita 6 au 7, yaani ifunike uso wote wa tairi na kupanda kidogo mbavuni, isifike kwenye ukingo unaoshika rimu. Ikifika huko tairi halitakaa sawa na utasikia linapiga chafya kila mzunguko. Ilaze ndani ya tairi, ncha zilaliane sentimita 3 au 4 na ziwe mkabala na valvu. Paka solusheni, ile gundi ya kuzibia pancha, mahali patatu tu, kuishika kwenye tairi, usiigandishe kwenye tyubu mpya. Nyunyiza poda ya mtoto kati ya mpira na mpira, ndipo urudishe tyubu. Jaza nusu, zungusha gurudumu ukitazama ukingo pande zote mbili, bonyeza pale paliponasa, kisha maliza kujaza. Ukitaka tabaka mbili weka nyuma tu, ndiko kwenye uzito.

Haizuii mwiba uliosimama wima, nisiwadanganye. Inazuia ule uliolala, ambao ndio mwingi, na inazuia mbigili pia. Tangu niweke, pancha zimeshuka kutoka mbili kwa safari mpaka moja kwa miezi kadhaa.

Ile moja ikija: kama mwiba umeshaingia na upepo unatoka polepole, usiung'oe hapo juani. Wenyewe umeziba tundu lake. Endesha mpaka kwenye kivuli. Toa tairi kwa mipini ya vijiko viwili vya chakula, bisibisi itakutobolea tyubu. Tundu dogo litafute kwa kupitisha tyubu karibu na mdomo, ngozi ya mdomo inahisi upepo ambao sikio halisikii. Na kabla ya kurudisha, pitisha pamba ndani ya tairi lote. Kidole kitachomwa au kitapitwa, pamba inanasa kwenye ncha iliyobaki. Watu wanaoziba pancha moja mara tatu wote wameruka hatua hii.

Ukipita karibu na korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, utaijua kwa harufu kabla ya kuiona. Mabaki ya mkonge yaliyomwagwa njiani yanateleza kuliko ganda la ndizi, shuka.

Kipande cha tatu ni bonde lenyewe, la Mkulumuzi. Kijia kinashuka kati ya miti na miamba ya chokaa, hewa inabadilika ghafla inakuwa baridi. Hapa punguza upepo wa tairi mpaka dole gumba libonyee kidogo, mawe ya chokaa yana makali na tairi lililojaa sana linaruka. Mvua ikinyesha usiku, usiende: chokaa yenye ukungu wa kijani huvishinda hata viatu, sembuse mpira uliokwisha kashata, yaani meno ya tairi. Masika yote, Machi mpaka Mei, mimi siendi. Penye maji ya kuvuka, kipimo ni ekseli. Maji yakifika kwenye ekseli, beba. Yakiingia kwenye gololi grisi inatoka na hutajua mpaka mwezi ujao.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni upepo. Kuanzia Aprili mpaka kama Oktoba ni kusi, unakusukuma mgongoni ukienda Amboni na kukupiga usoni ukirudi umechoka. Kaskazi, Desemba mpaka Machi, ni kinyume. Na upepo wa bahari unaanza kukaza saa 4 au 5. Kwa hiyo wakati wa kusi geuza kabla ya saa 3, hata kama bonde limekunogea.

Nyumbani nafuta mnyororo kwa kitambaa kikavu, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila kiungo, nazungusha pedali kinyume, nafuta tena ya juu. Oili chafu ya gari, ambayo wengi wanaipaka, inashika vumbi jekundu la mkonge na kugeuka msasa. Chupa ndogo ya mafuta ya cherehani ni elfu mbili na kitu, kwangu inafika miezi minne. Kwenye karia nafunga pampu, vijiko, viraka, solusheni, pamba na tyubu moja nzima. Tyubu ile sijaitumia hata mara moja, ila siku niliyoiacha nyumbani nilirudi kwa miguu kutoka langoni kwa yule mnyapara, naye akacheka mpaka akakaa chini.