Kurasa Tano za Mwisho

"Baba, mbona unaanzia nyuma?"

Mwanangu alinikuta juzi nimefungua kitabu kipya cha historia moja kwa moja kwenye faharasa, ile orodha ya mwishoni ya majina na mada pamoja na kurasa zake. Nikamjibu kwamba naangalia kama kitanifaa. Ni kweli, ila si yote. Tabia hiyo niliambukizwa na Profesa mmoja ambaye kitabu chake kuhusu wakunga nilikishughulikia kama mhariri.

Mswada wake ulikuwa umeshapita kote. Wasomaji wawili wasiotajwa majina walikwishaandika ripoti zao, mmoja akisifu, mwingine akilalamika kwamba mwandishi hakuandika kitabu ambacho angekiandika yeye. Bodi ikapitisha, tanbihi zikanyooshwa, prufu zikapangwa. Ilibaki faharasa, ambayo huja mwisho kwa sababu huwezi kutaja ukurasa kabla kurasa hazijatulia.

Tatizo likawa karatasi. Kitabu chetu kilichapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa, kila mkunjo kurasa 16. Ukizidisha ukurasa mmoja, umeongeza mkunjo mzima, na kwa kitabu cha kitaaluma cha nakala mia chache, watu wa uzalishaji hawataki hata kusikia. Zilisalia kurasa tano. Faharasa ya Profesa ingekula nane.

Alikuja na kadi zake ndani ya boksi la viatu. Nikamwonyesha pa kupunguzia: majina ya wakunga aliowahoji. Kila mmoja alikuwa na kadi yake, wengine wakiwa wametajwa ukurasa mmoja tu.

"Hawa wamo kwenye orodha ya mahojiano, Profesa. Msomaji hatawatafuta huku."

Hakunijibu. Alivua miwani, akaifuta kwa mkono wa blauzi, akavuta boksi. Kadi ya kwanza kutoka ilikuwa ya Foucault, yule mwanafalsafa maarufu wa Kifaransa. Naikumbuka kwa sababu namba za kurasa zilikuwa zimejaa hadi upande wa pili. Akailaza mezani kifudifudi. Ikafuata nyingine, na nyingine, akisoma kila jina taratibu kama mwalimu anayeita mahudhurio.

"Huyu watamkuta kwenye marejeleo."

"Huyu hajambo, ana vitabu vyake."

Alipofika kwenye kadi ya mwalimu aliyemsimamia tasnifu yake, aliishika kidogo, akairudisha. Halafu akaitoa tena.

"Hawa," akasema, akigonga kadi za wakunga kwa kidole, "hawana pengine pa kutafutwa."

Ikatosha kurasa tano. Kitabu kikatoka na jalada baya, jambo tuliloafikiana sote isipokuwa aliyelichora. Hakiki ya kwanza jaridani ilisifu utafiti, kisha ikasema faharasa ni dhaifu, haionyeshi mjadala wa nadharia. Mhakiki alikuwa na jina kubwa, nalo halikuwamo. Nilicheka sana.

Siku hizi sicheki sana. Nimewaona wanafunzi wakipekua kitabu kile wakitafuta nadharia, na wanahangaika kweli. Wengine huniambia suala limekwisha, toleo la kidijitali hutafuta jina lolote. Sawa, lakini lazima kwanza uwe unalijua jina lenyewe.

Profesa nilimsomea hakiki ile kwa simu, yote, pamoja na sehemu inayouma. Aliuliza jambo moja tu: je, mhakiki ametaja chochote kutoka sura ya nne, wanakozungumza wakunga wenyewe?

Hakuwa ametaja.