Mkate wa jibini wa Kibrazili, Kilimani

Kama uko Nairobi na kwenu kuna mtu asiyeweza kula ngano, hii nimeiandika nikimfikiria yeye. Kuna bekari ndogo kule Kilimani, unapanda 46 unashuka Yaya alafu unaingia barabara za ndani, haina hata bango la maana, ni chumba tu cha mbele cha nyumba ya mtu, kaunta, oveni moja kubwa nyuma yake na harufu ya jibini inayokupokea ukiwa bado getini. Wanachooka hasa ni kitu kimoja, pão de queijo, mikate midogo ya mviringo ya jibini ambayo Wabrazili wanakula asubuhi na kahawa, mchana na kahawa, jioni pia na kahawa. Mmoja unaenea kwa kiganja. Juu umekauka na kupasukapasuka, ukiumega unatoa mvuke, ndani una uwazi alafu unavutika kabla haujakatika, chumvi ya jibini unaisikia mpaka mwisho, na ngano hakuna hata chembe. Ni muhogo.

Nilienda kwa ajili ya dada yangu mkubwa. Alikuja kupatikana na ugonjwa wa seliaki baada ya miaka mingi ya kuambiwa ni vidonda vya tumbo, na kwa mtu wa seliaki ile glutini, protini iliyo kwa ngano, shayiri na nafaka ya rai, inafanya mwili ushambulie utumbo mwembamba wake wenyewe, dawa ya kuuponya hakuna, ni kuacha kabisa, maisha yote, mpaka makombo. Sasa fikiria Nairobi bila ngano. Chapati hapana, mandazi hapana, samosa hapana, keki ya besdei ya mtoto wake mwenyewe hapana. Kwa harusi anakuja na nduma zake kwa mkebe na bado kuna shangazi atamwambia onja tu mwanangu, kidogo haidhuru. Inamdhuru, nimemuona ikimdhuru, na inaniuma kwamba lazima ajieleze upya kila mahali anapokaa kula.

Kwa hivyo kitu cha kwanza nilichouliza pale kaunta ni unga, bei nikaiacha. Manake mkate unaweza kuwa wa muhogo tupu alafu ukaokwa kwa trei iliyotoka kubeba skonsi, na hapo hujamsaidia mtu wa seliaki kitu. Kijana anayeoka akanijibu, "Dada, ngano haiingii hapa. Hata sisi tukinunua chapo za lanchi tunakulia nje." Nilimpenda hapo hapo. Akaniruhusu nisimame nione vile anafanya, na kusema kweli ni kazi inayofurahisha kutazama.

Anachemsha maziwa, mafuta na chumvi, yakifura anayamwaga moto hivyo hivyo juu ya stachi ya muhogo, yaani ule wanga wake mweupe, na kukoroga kwa nguvu, stachi inaungua kidogo na kushikana. Hapo lazima ipoe, ukiharakisha mayai yataiva ndani ya donge. Ndio yanaingia mayai, mwisho jibini iliyokwaruzwa, nyingi sana, si ile ya kunyunyiza. Donge linanata vibaya kwa hivyo unapaka mikono mafuta ndio uviringe. Oveni iko kama nyuzi 190 na dakika ishirini na kitu zinatosha. Hamira haimo, poda ya kuumulia haimo. Kinachoinua mkate ni mvuke wa ndani pamoja na stachi yenyewe, manake Wabrazili wana stachi za aina mbili, ya kawaida na ile chachu, ambayo inalowekwa majini wiki nyingi mpaka inachachuka alafu inaanikwa juani, na hilo jua ni la lazima, ndilo linaifanya ifure vizuri kwa oveni. Hapa wanachanganya zote mbili.

Asili yake ni jimbo la Minas Gerais la Brazili, kule ndani mbali na bahari, ambako karne ya 18 watu walikuwa wanachimba dhahabu, na waliokuwa wakifanya kazi wengi walikuwa Waafrika waliofanywa watumwa. Ngano ilikuwa shida kupatikana, muhogo ulikuwepo, na jibini inasemekana iliingia baadaye ufugaji wa ng'ombe wa maziwa ulipokua. Muhogo wenyewe wenyeji wa kule walikuwa wanaulima maelfu ya miaka kabla Wareno hawajafika mwaka 1500, na ni hao Wareno walioanza kuuvusha kuja Afrika karne hiyo hiyo ya 16. Kwa hivyo huu mkate hauna ugeni mkubwa kwetu, unga wake tunaujua, huyu kijana ni wa Busia na kwao ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama ndio chakula cha kila siku. Pwani tunaupika kwa tui la nazi. Hapa jijini unauzwa kando ya barabara na pilipili na ndimu.

Alafu akaniambia stachi wanayotumia imetoka Thailand. Hiyo ilinikaa rohoni. Muhogo umejaa Busia, umejaa Kilifi, na kuna watu bado wanauita chakula cha njaa, kumbe mtu anaupakia kwa meli huko mbali akatuletea kwa pakiti na tunalipa. Mimi naomba tu mtu mwenye mashine na mtaji aangalie hilo jambo, manake soko ni hili hapa, na jua la kuanikia tunalo.

Dada yangu alikula minne imefuatana, moto, na chai ya tangawizi. Hakuuliza maswali mengi kama kawaida yake kwa sababu nilikuwa nimeshauliza yote, na jioni alinipigia simu kuniambia tumbo liko sawa. Mitano ni shilingi 300, si bei ya mandazi, najua, lakini jibini ni jibini. Wanauza pia mibichi iliyogandishwa, hiyo ndiyo bora kwa nyumba, unatoa kwa friza unaingiza moja kwa moja kwa oveni bila kuiyeyusha. Iliyobaki usiipashe kwa maikrowevu, itakuwa migumu ikipoa kidogo tu, irudishe kwa oveni au kwa sufuria kavu yenye kifuniko, moto mdogo. Jumamosi fika kabla ya saa nne, ikipita hapo utapata trei tupu na itabidi ungoje nyingine iokwe.