Mkole, mninga na yuu: mti upi unafaa kwa upinde?

Upinde wangu wa kwanza niliuchonga kwa ubao wa mninga, nao uliniaibisha: nilipouvuta mara ya tatu, ulipasuka karibu na kishikio, kwa sababu ubao ulikuwa umepasuliwa bila kufuata nyuzi za mti. Mninga nawaachia mafundi wa vitanda na milango.

Tangu hapo natumia mkole, jamii ya miti ambayo Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nao huitengenezea pinde na mishale. Fito zake ni nyembamba na ngumu, na hupinda sana kabla ya kuvunjika, hivyo mchongaji huondoa gome na kupunguza upande wa tumbo peke yake, huku mgongo, yaani upande unaoelekea shabaha, ukibaki bila unyuzi hata mmoja kukatwa.

Waingereza wa zamani walipenda mti uitwao yuu, ambao nausifu kwa jambo moja: sehemu yake nyeupe ya nje huvumilia kuvutwa, na kiini chake chekundu huvumilia kubanwa, kwa hiyo fundi aliziacha zote mbili katika upinde mmoja. Katika Mary Rose, meli yao ya kivita iliyozama mwaka 1545, zilipatikana pinde za yuu zaidi ya 130.

Mkole una kasoro ya vifundo. Upinde nilio nao sasa una kimoja, kidogo kama punje ya kunde, na hapo nimeacha mbao nene kidogo, nikipitisha kisu kwa kukizunguka badala ya kukikata.